Namba Tatu Niliyoigeuza Kumi

Nilibadilisha namba kwenye breka ya watu bila kuuliza kwa nini iliwekwa pale. Hilo ndilo kosa lenyewe. Breka haikuwa mbovu. Paneli ilikuwa imefungwa vizuri, na aliyeiseti kabla yangu alikuwa ameifanya kazi yake kwa akili. Mimi ndiye niliyefika na bisibisi nikaiharibu kazi hiyo, nikalipwa, nikaondoka nimeridhika.

Nawaandikia mafundi wenzangu wa umeme, hasa sisi tunaoitwa pale kitu kinapokatakata na mwenye mali amechoka kusubiri. Wengi wetu tumekwisha kufanya nilichofanya, na naamini wapo watakaokifanya wiki hii. Hata wewe mwenye jengo, usome, kwa sababu mara nyingi ni wewe unayetuambia maneno yaleyale niliyoambiwa mimi.

Niliambiwa hivi: "Fundi, breka inaanguka tena. Samaki wako vyumbani, bosi amekasirika. Njoo uiongeze nguvu."

Lilikuwa ghala la kugandisha samaki, nje kidogo ya Dar es Salaam. Lina kompresa mbili, kila moja na mota ya kilowati 75. Umeme wa gridi unaingia kupitia transfoma ya kVA 500, na nje ya ukuta kuna jenereta ya kVA 300. Umeme ukikatika, chenjiova inahamishia mzigo wote kwenye jenereta. Chumba cha kompresa kinalishwa na breka moja ya ampea 400, yenye kitengo cha kielektroniki usoni. Breka hiyo ndiyo iliyokuwa ikianguka, na ilianguka kila mara kompresa ya pili ilipowashwa wakati ya kwanza tayari inazunguka.

Msimamizi alinipa ugonjwa na dawa kwa pumzi moja: uiongeze nguvu. Nami nilikubali vyote viwili. Sikumwuliza swali hata moja.

Kifuniko cha kitengo kile kilikuwa cha plastiki angavu, kimefungwa kwa waya mwembamba wa lakiri. Niliukata waya. Chini ya kifuniko kulikuwa na vitaa vidogo vinavyoonyesha ni ulinzi upi uliokata, na kimoja kilikuwa kimewaka. Nilibonyeza kitufe cha kukifuta bila kukisoma. Kisha nikavitazama vitufe vinne vya kuzungusha, kila kimoja na mshale na mfereji wa bisibisi. Cha kwanza kilikuwa kwenye 0.8, cha pili kwenye 4, cha tatu kwenye 3, cha nne kwenye 0.1. Nilivizungusha vyote kulia mpaka mwisho, kama mtu anayeongeza sauti ya redio. Vikawa 1, 16, 10 na 0.4. Tukawasha kompresa ya kwanza, tukawasha ya pili, breka ikashika. Msimamizi akanipa mkono, akasema nimewaokoa.

Nieleze nilivyofika pale, maana sikuwa mgeni wa kazi.

Mimi nimelelewa na breka za zamani. Mzee aliyenifundisha kazi Kariakoo alikuwa na desturi ya kupasua breka iliyokufa na kunionyesha ndani. Upande mmoja kuna ukanda wa metali mbili zilizounganishwa, ambao ukipata joto la mzigo uliozidi hupinda taratibu mpaka uachie komeo. Upande wa pili kuna koili, ambayo shoti ikipita hugeuka sumaku na kulivuta komeo hilohilo papo hapo. Ni mpango ambao kampuni ya Hugo Stotz ya Mannheim, Ujerumani, iliuandikia hataza mwaka 1924, na breka ndogo zilizo kwenye kuta za nyumba zetu bado zinakwenda nao. Breka ya namna hiyo haikupi nafasi kubwa ya kukosea. Imeandikwa 63, basi ni 63. Ikiwa haitoshi unanunua kubwa zaidi, na bei yenyewe inakulazimisha ufikiri kwanza.

Breka ya kielektroniki ni kitu kingine kabisa, na mimi nilikuja kuifahamu kwa kuifunga tu. Ndani yake kila fezi ina CT inayosoma mkondo. Kichakataji kidogo, ambacho hupata umeme wake kutoka kwenye CT hizohizo, hulinganisha mkondo huo na namba zilizo kwenye vitufe. Mpaka ukivukwa kwa muda uliowekwa, hufyatua sumaku ndogo inayogonga komeo. Kwa hiyo vile vitufe havina uhusiano wowote na "nguvu". Ni maswali manne tofauti, na kila moja linataka jibu kutoka mahali pake.

Kitufe cha kwanza, Ir, kinauliza: kebo hii na mzigo huu vinaruhusiwa kubeba ampea ngapi siku nzima? Kwenye breka ya 400, namba 0.8 ni ampea 320. Kebo ya kwenda chumba cha kompresa haikuwa ya ampea 400, na niliponyoosha mkono kukipeleka kitufe kwenye 1 nilikuwa nimeshaikosea kebo kabla hata ya kuifikia jenereta. Cha pili, tr, kinauliza mkondo ukizidi uvumiliwe kwa muda gani. Muda huo hupimwa mkondo ukiwa mara sita ya Ir, na kadiri mkondo unavyopungua ndivyo breka inavyovumilia zaidi. Cha tatu, Isd, ndicho kilichoniangusha. Kinauliza: ni mkondo wa kiasi gani ambao hapa hatuuiti tena mzigo, tunauita shoti? Namba yake ni mara ya Ir. Tatu ilikuwa ampea 960, na kumi yangu, juu ya Ir niliyokwisha kuipandisha, ilikuwa ampea 4,000. Cha nne, tsd, ni kusubiri kidogo kwa makusudi ili breka ndogo iliyo karibu na shoti ipate kukata kwanza, jengo zima lisizime kwa ajili ya mota moja.

Haya yote niliyajua kwa namna ya mtu aliyesoma karatasi ndani ya boksi. Nilijua majina. Sikuwa nimewahi kukaa nikajiuliza namba hutoka wapi.

Ndani ya mlango wa paneli kulikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Injinia aliyekabidhi mradi alikuwa ameandika namba zake nne, na pembeni ya ile 3, kwa kalamu ya bluu, ameandika maneno mawili: "jen. 300". Niliyaona siku ile. Nilidhani ameorodhesha tu vifaa vilivyopo. Nikafikiri pia, na hili ni la kuungama, kwamba hawa mainjinia huweka namba ndogo kwa woga, wakaacha sisi mafundi tuhangaike na wateja.

Ghala likaendelea na kazi kwa miezi. Umeme wa gridi ulikatika na kurudi, jenereta ikaingia na kutoka, kompresa zikawaka bila tabu. Hakuna kilichoonyesha kwamba kuna kosa, na hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Breka iliyosetiwa chini sana hulalamika kila siku. Iliyosetiwa juu sana hukaa kimya mpaka siku inapohitajika.

Siku hiyo ilifika jioni, wakati ghala linaendeshwa na jenereta. Chumba cha kompresa kina paneli yake ndogo ukutani, upande wa pili wa ukuta wa chumba cha baridi. Tundu moja la kebo juu ya paneli lilikuwa limeachwa wazi. Hewa ya pwani yenye chumvi iliingia, ikakutana na ubaridi, ikageuka matone juu ya basba. Shoti ikatokea hapohapo kwenye basba, kabla ya breka za mota, kwa hiyo iliyotakiwa kukata ni breka yangu ya ampea 400.

Haikukata.

Kijana anayesimamia jenereta alinisimulia asubuhi yake. "Kaka, injini ililemewa, ikatoa moshi mweusi, taa za uwanjani zikafifia karibu kuzima. Nikasema sasa hivi breka itakata. Nikasubiri. Haikukata. Ndipo nikabonyeza chekundu." Yeye ndiye aliyeuzima moto ule. Hakuna aliyeumia, na mimi sina sehemu yoyote katika hilo.

Nilipofika nilifanya jambo la pili la kuungama. Nilimwambia mwenye ghala kwamba breka ni feki. Nilisema kwa sauti ya uhakika, mbele ya watu, na nikataka liitwe duka lililoiuza. Watu wakanielewa mara moja, maana feki sokoni zipo na kila mtu ana habari yake. Uongo ule ulikuwa rahisi kwa sababu ulikuwa unafanana na ukweli. Sikujua bado kuwa ni uongo, lakini sikuwa nimechunguza chochote, na kusema bila kuchunguza kunatosha kuwa kosa.

Tuliivua breka, ikapelekwa kwa watu wenye mashine ya kukipima kitengo chake. Ikarudi na majibu kwamba ni nzima. Ilikata kila mahali ilipotakiwa kukata kwa namba zilizokuwepo usoni mwake.

Kwa namba zilizokuwepo. Nilirudi kwenye paneli kuu na tochi, nikaitoa ile karatasi mlangoni, nikakaa nayo kwenye benchi la walinzi. Safari hii niliyasoma yale maneno mawili kwa kalamu ya bluu kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Tatu. Jen. 300. Yalikuwa kwenye mstari mmoja. Hakuwa ameorodhesha vifaa. Alikuwa anatoa sababu.

Nikaanza kukokotoa nyuma ya karatasi ya risiti.

Transfoma ya kVA 500 kwenye volti 400 hutoa ampea 722 ikiwa imebeba mzigo kamili. Transfoma za ukubwa huo kwa kawaida zina upinzani wa ndani wa asilimia 4, na maana yake ni kwamba shoti ikitokea kwenye ncha zake zenyewe, gridi inaweza kusukuma karibu ampea 18,000. Kebo hupunguza kidogo ukienda mbali, lakini kwenye chumba cha kompresa bado ni maelfu mengi. Kwa shoti ya namna hiyo, 960 inakata na 4,000 inakata. Mtu aliyezoea umeme wa gridi haoni tofauti yoyote kati ya tatu na kumi. Mimi ndiye huyo mtu.

Jenereta haiko hivyo. Jenereta ya kVA 300 ni ampea 433. Shoti ikitokea, kwa kufumba na kufumbua inatoa mkondo mkubwa, kisha mkondo huo unaporomoka, kwa sababu sumaku ya ndani inadhoofishwa na shoti yenyewe. Jenereta ambayo AVR yake, yaani kidhibiti cha volti, haina chanzo cha pembeni cha umeme inaweza kuporomoka mpaka chini ya mkondo wake wa kawaida. Hii ya ghala ilikuwa na msaada huo, na kitabu chake kilisema inaweza kushikilia mara tatu ya mkondo wake kwa sekunde 10. Mara tatu ya 433 ni karibu 1,300.

Niliandika 1,300. Chini yake nikaandika 4,000. Nikabaki nazitazama.

Breka yangu ilikuwa inaisubiri shoti ambayo jenereta ile haina uwezo wa kuishikilia. Kwa breka, moto ule wote kwenye basba ulikuwa ni mzigo uliozidi tu, na mzigo uliozidi unavumiliwa. Nikakokotoa ungevumiliwa kwa muda gani. Kwa kitufe cha pili nilichokipeleka kwenye 16, mkondo wa ampea 1,300 ungeachwa upite kwa takriban sekunde 54. Jenereta inashikilia kwa sekunde 10. Yaani nilikuwa nimeiseti breka ihitaji sekunde 54 za kitu ambacho jenereta hukitoa kwa 10. Kwa shoti ya namna ile, kwenye jenereta ile, breka ile isingekata. Si kwamba ilichelewa. Nilikuwa nimeifuta kazini.

Kisha nikarudi kwenye namba za injinia, na hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa. Kwa nini tatu? Kwa nini si nne, ambayo ingempa mteja nafuu kidogo? Kiwango cha IEC 60947-2 kinaruhusu ulinzi wa shoti ukosee kwa asilimia 20 juu au chini. Tatu ni 960, na ikikosea juu inafika 1,152. Bado iko chini ya 1,300. Nne ni 1,280, na ikikosea juu inafika 1,536. Imeshapita uwezo wa jenereta. Tatu ilikuwa ndiyo namba ya mwisho inayokubalika. Na kile kitufe cha pili, ambacho yeye alikiweka kwenye 4? Kwa Ir yake ya 320, ampea 1,300 zingekatwa kwa takriban sekunde 9, kabla jenereta haijafika sekunde 10 zake. Alikuwa ameweka ukuta, na nyuma ya ukuta akaweka ukuta wa pili. Nami nilidhani ni mtu mwoga.

Sitadai kwamba kwa namba zake paneli isingepata hata doa. Shoti ya cheche huyumba, mara mkondo uko juu mara uko chini, na hakuna anayeweza kuapa. Na breka iliyo kwenye jenereta yenyewe, ya koili na ukanda, nayo ilikuwa imewekwa juu mno kwa shoti ya namna ile; mimi sikuwahi kuitazama. Lakini mtu yule alikuwa amempa mwenye ghala nafasi nzuri ya kuokoka, na mimi nilimnyang'anya kwa kazi ya dakika tano.

Namba yake ya simu ilikuwa chini ya karatasi. Nilimpigia.

"Lakiri uliikuta?" akaniuliza.

"Niliikuta, injinia."

"Ukaifanyaje?"

"Niliikata."

Hakunigombeza. Aliuliza siku ile ya kwanza ni kitaa kipi kilichokuwa kimewaka. Sikuweza kumjibu, kwa kuwa nilikifuta. Akasema kama ilikuwa inakata ile ya pili inapowaka, na si katikati ya kazi, basi tatizo si mzigo wa breka, ni namna mota inavyoanza. "Nenda kaangalie taima ya sta-delta."

Nilikwenda paneli mpya ilipokwisha kufungwa. Mota ya kilowati 75 hutumia kama ampea 135 ikishatulia, lakini ukiiwasha moja kwa moja inaweza kuvuta mara saba ya hapo. Ndiyo maana tunaianzisha kwa sta, ikishika mwendo tunaihamishia delta. Taima ya kompresa ya pili ilikuwa kwenye sekunde 3. Nilisimama na mita ya kubana kwenye waya nikaihesabu: ile mota ilihitaji karibu sekunde 8 kushika mwendo. Ilikuwa inahamishiwa delta ikiwa bado inajikokota, ikavuta mkondo karibu sawa na wa kuwashwa moja kwa moja, ukijumlisha na kompresa ya kwanza na feni unapita 960. Breka ya injinia ilikuwa inakata kwa haki. Ilikuwa inatuambia kuna kitu hakijakaa sawa ndani ya sta-delta, na sisi tukaiona ndiyo adui.

Nilizungusha taima mpaka 8 kwa bisibisi ileile. Kompresa ikawaka kwa namba za injinia, bila shida.

Gharama ni hizi. Paneli ya chumba cha kompresa iliungua yote, pamoja na ncha za kebo. Samaki wa vyumba viwili walitupwa. Akina mama wanaoparua na kupanga samaki, ambao hulipwa kwa siku, walirudishwa nyumbani mpaka paneli mpya ilipofungwa, na siku hizo hakuna aliyewalipa. Nilimwomba radhi mwenye duka niliyemwita muuza feki. Alinisamehe kwa mdomo. Mwenye ghala nilimweleza ukweli wote nikiwa na ile karatasi mkononi. Tulikubaliana nilipe sehemu ya paneli kidogo kidogo, nikalipa mpaka ikaisha. Hajaniita tena, na nisingetegemea aniite.

Lililonisumbua zaidi lilikuja baadaye, nilipofungua daftari langu la kazi. Lile ghala halikuwa mahali pa kwanza nilipozungusha vitufe mpaka mwisho. Ilikuwa desturi yangu. Nilipokuwa naandika "breka imerekebishwa" kwenye risiti, mara nyingi nilimaanisha hivyo.

Nikaanza kurudi nyumba kwa nyumba. Si jambo jepesi kumwendea mtu aliyekulipa, hana malalamiko, umwambie: nilikusetia vibaya, nimekuja kusahihisha, sitaki hela. Baadhi walidhani nataka kuwauzia kitu. Mmoja aliniuliza kama nimeokoka.

Bweni moja la wanafunzi ndilo lililonitia hofu kuliko hata ghala. Breka kuu ya ampea 250, vitufe vyote kulia mpaka mwisho, mwandiko wangu mwenyewe kwenye stika. Jenereta ya kVA 60. Mkondo wake kamili ni ampea 87. Mara tatu yake, kama ina uwezo wa kuzishikilia, ni 260. Kiwango cha IEC kinasema breka ya namna hiyo haitakiwi kukata kwa mkondo wa hadi 1.05 ya Ir hata baada ya saa mbili. Ukizidisha 250 kwa 1.05 unapata 262. Kwa hiyo usiku ambao gridi imekatika, wanafunzi wamelala, shoti kubwa kabisa ambayo jenereta ile ingeweza kuishikilia ingeonekana na breka yangu kuwa ni mzigo wa kawaida. Ingekuwa na haki ya kutokata kabisa.

Pale kushusha vitufe peke yake hakukutosha, kwa sababu mchana, gridi ikiwepo, jengo linahitaji ampea nyingi kuliko jenereta inavyoweza kutoa. Tuliweka breka nyingine kwenye jenereta yenyewe, kabla ya chenjiova, iliyosetiwa kwa ukubwa wa jenereta. Kila chanzo kikapata mlinzi wake. Zipo pia breka ambazo kitengo chake hubeba seti mbili za namba na kubadilisha kulingana na chanzo kilichopo, lakini kwa jengo la kawaida breka ya pili inatosha na kila fundi anaielewa. Kisha nikaandika karatasi ya mlangoni. Sikuandika maneno mawili. Niliandika sentensi nzima, kwa nini kila namba iko pale, kwa sababu ajaye huenda akawa fundi wa namna niliyokuwa mimi.

Kuna mwenye jengo mmoja aliyekataa kabisa nisiguse chochote, maana kwake breka haijawahi kukata na ndivyo anavyotaka. Nimemwandikia barua, akasaini kuwa ameipokea. Breka yake bado iko kwenye kumi.

Wewe mwenzangu, kama una daftari, lifungue leo. Tafuta majengo yenye jenereta ambako uliwahi "kuiongeza nguvu" breka. Rudi na tochi. Soma bamba la jenereta, zidisha ampea zake kwa tatu, na kama huna hakika kuwa AVR yake ina msaada wa pembeni, chukulia kuwa ni chini ya hapo. Kisha fungua kifuniko cha breka, zidisha Isd kwa Ir, ongeza asilimia 20. Kama namba ya breka ni kubwa kuliko ya jenereta, usiondoke kwenye jengo hilo kabla hujamwambia mwenyewe.